UZI: Uvimbe wa ubongo uliojaa mishipa ya damu, wazibe mishipa kwanza ama wapasue moja kwa moja?

MtotoWaKario (mwenye uzi)
Wadau hamjambo. Nimesoma hapa miaka mingi bila kuandika lakini leo imebidi. Mamangu ana miaka 58. Tangu mwaka jana amekuwa akiunguza chakula, githeri inashika chini, moshi unajaa nyumba nzima na yeye ameketi hapo hapo kando ya jiko hasikii harufu yoyote. Tukadhani ni uzee. Halafu akaanza kunyamaza, mtu alikuwa anaongoza kwaya sasa anakaa tu anaangalia ukuta, tukadhani ni huzuni. Mwezi uliopita akaanguka bafuni akitetemeka mwili mzima. MRI ikaonyesha uvimbe wa sentimita 6 nyuma ya paji la uso, juu kidogo ya pua. Wanasema ni meninjioma na imejaa damu, daktari alinionyesha kwa kalamu vinyuzi vyeusi vyeusi kwenye picha akaniambia hiyo yote ni mishipa.

Shida ndiyo hii. Daktari wa kwanza amesema lazima embolaizesheni kwanza, yaani mrija unapitishwa pajani mpaka kichwani wanaziba mishipa inayolisha uvimbe, siku chache baadaye ndio wanapasua. Wa pili akasema hapana, kwa mahali ulipo huo, kuziba kunaweza kumpofusha, yeye ataingia moja kwa moja. Wote wanaongea kwa upole, wote wanaonekana wanajua kazi, na sisi nyumbani tumegawanyika, bro wangu haongei na anti tangu Jumamosi. Na kwani uvimbe unatoa wapi damu yote hiyo? Aliyepitia hii tafadhali aongee.

NesiWaUsiku
Pole sana dada/kaka. Mimi niko thieta, si daktari, lakini hizi nimesimama nazo nyingi. Kwanza ujue meninjioma haitoki kwenye ubongo wenyewe, inatoka kwenye utando unaoufunika, kwa hivyo mara nyingi damu yake inatoka mishipa ya utando ambayo ni matawi ya mshipa wa shingo unaolisha uso na ngozi ya kichwa. Hiyo ni rahisi kuifikia na mrija na ukiiziba kwa kawaida ubongo hauumii. Lakini ya mama iko juu ya pua, na hapo damu nyingi huja na vijishipa vinavyotoka kwa mshipa wa jicho. Ndio maana huyo wa pili anaogopa upofu. Hajakutisha bure.

FundiMabomba254
Mimi kazi yangu ni mabomba lakini kakangu alipasuliwa uvimbe wa damu nyuma ya kichwa, na vile daktari alituelezea nikaelewa mara moja juu ni kama kazi yetu. Uvimbe una mishipa ya kuingiza na mshipa wa kutoa. Ukifunga wa kutoa kwanza na wa kuingiza bado unasukuma, presha inapanda ndani, kitu inafura inapasuka mkononi mwako. Kwa hivyo unafunga vya kuingiza kimoja kimoja, mshipa wa kutoa unabaki mpaka mwisho kabisa. Na alisema usiguse ndani, usiukate vipande, unauzunguka pole pole mpaka utoke mzima kama yai. Ya kakangu ilichukua masaa 7. Hawakuziba na mrija. Sasa anaendesha boda kama kawaida.

NesiWaUsiku
@FundiMabomba254 umeeleza vizuri kushinda lekcha nyingine nimekaa, lakini hiyo ya kakako ni kama ilikuwa hemanjioblastoma, aina nyingine ya uvimbe wenye mishipa mingi, si meninjioma. Hiyo ndiyo haikatwi katikati. Meninjioma wakishakata damu yake kutoka chini, wanaichimba ndani kwanza ibaki ganda, vile unatoa nyama ya papai, halafu ganda linavutwa taratibu mbali na ubongo na mishipa ya macho. MtotoWaKario asije akachanganya hizi mbili akiongea na daktari.

FundiMabomba254
Ndiyo, hemanjio-kitu, ndiyo hiyo. Asante sista.

MwanafunziWa5
Wasalaam. Niko mwaka wa tano udaktari. Swali la kwa nini damu nyingi halijajibiwa kwa hivyo wacha nijaribu. Mwaka wa 1971 daktari wa Marekani Judah Folkman alisema uvimbe hauwezi kukua kupita milimita moja au mbili bila kujivutia mishipa yake. Chembe zikikosa oksijeni zinatoa ujumbe wa kuita mishipa. Sasa kwa hemanjioblastoma kuna jeni inaitwa VHL, kazi yake kwa mwili wa kawaida ni kuharibu ule ujumbe wakati oksijeni iko ya kutosha. Ikiharibika hiyo jeni, chembe inaamini imekosa hewa hata kama imezungukwa na damu, inaita mishipa usiku na mchana. Waliofumbua vile chembe zinahisi oksijeni, Kaelin, Ratcliffe na Semenza, walipewa Nobel 2019. @FundiMabomba254 kakako alipimwa figo na macho? Juu ikiwa ni ile ya ukoo, VHL inaleta uvimbe kwa figo, macho, kongosho, na tezi za juu ya figo pia, na mzazi akiwa nayo kila mtoto ana nusu kwa nusu ya kuirithi. Uvimbe wenyewe pia wakati mwingine unatoa homoni ya kutengeneza damu, unakuta mtu damu yake imekuwa nzito kuliko kawaida. Kwa meninjioma sababu ni tofauti kidogo, kuna mambo ya homoni za kike pia, wanawake wanaipata karibu mara mbili ya wanaume.

BabaTwins_Donholm
Dokta mtarajiwa pumua kidogo hahaha, tuko matatuni tunasoma hii.

FundiMabomba254
Macho walimpima, figo sijui. Nitamwuliza leo leo. Sikujua ni kitu ya ukoo, ako na wasichana wawili.

BintiWaNgara
MtotoWaKario mimi nilizibwa mishipa. Yangu ilikuwa juu ya sikio, sentimita 5. Nitakuambia vile nilisikia juu madaktari hawasemi hizi vitu. Unalala macho wazi, wanakudunga ganzi pajani tu, mrija ukipita husikii chochote. Wakiingiza ile dawa ya picha unasikia joto limepanda usoni ghafla kama mtu amefunua sufuria ya uji mbele yako, na nikaona mwanga kama radi ndani ya jicho. Baada ya hapo nikalala chali masaa 6 bila kukunja mguu, nesi anakuja kugusa mguu kama uko na joto, anaangalia plasta pajani kama inavuja. Usiku kichwa kiliuma vibaya, wakasema ni uvimbe unakufa njaa. Kesho kutwa yake nikapasuliwa na daktari akasema ndani ulikuwa mweupe na laini kama ugali wa jana. Damu waliyoniwekea ni painti 1. Mimi kwa upande wangu nasema wazibe.

Mzee_Eastleigh
Binti nashukuru Mungu kwako lakini lazima upande mwingine usemwe. Shemeji yangu alizibwa, hospitali sitaitaja. Akaamka mdomo umepinda upande mmoja, jicho halifungi. Tulielezwa kwamba mshipa ule ule unaolisha utando unatoa kijitawi kinacholisha neva ya uso, na ile dawa ya kuziba iliteleza ikaingia humo. Alifunga jicho na plasta miezi mitano akilala. Uso ulirudi, si wote. Kinachoniuma ni kwamba hakuna aliyetuambia kabla kwamba hiyo inaweza kutokea, tulitia sahihi karatasi tukidhani ni kama kudungwa sindano. Upasuaji wenyewe ulienda vizuri kabisa, na yule daktari mpasuaji mwenyewe alisema pengine hata bila kuziba angemaliza. Sasa hiyo "pengine" mimi nimebaki nayo mpaka leo.

MtotoWaKario
Mzee asante kwa ukweli. Naomba kuuliza, nani anaamua kama "pengine" inatosha?

MwanafunziWa5
Ukweli ni kwamba wapasuaji wenyewe hawajakubaliana. Kuna wanaosema kuziba kunapunguza damu na masaa thietani. Wengine wanasema ikiwa uvimbe uko juu, chini ya fuvu tu, mpasuaji akifungua anakutana na mishipa ya utando kwanza, anaichoma mwenyewe, sasa kwa nini umhatarishe mgonjwa mara mbili. Kuziba kunasaidia zaidi pale mishipa imejificha chini ya uvimbe, hutaifikia mpaka uwe umeshatoa nusu yake huku unavuja. Sasa shida ya mama ni kwamba damu yake iko chini NA inatoka kwa mshipa wa jicho. Ndio maana mmepata majibu mawili.

NesiWaUsiku
Na wa pili anasema ataingia moja kwa moja juu anaweza kupita chini ya paji, afike sakafu ya fuvu mapema, achome vile vijishipa vinapotokea kwenye mfupa kabla hajagusa uvimbe wenyewe. Nimeona hiyo ikifanywa. Nusu saa ya kwanza ni damu tu, mashine ya kufyonza hainyamazi, daktari wa usingizi anahesabu kwa sauti ni mililita ngapi ziko kwa chupa, halafu ghafla panakauka. Kila mtu mle ndani anashusha mabega.

Kumbukumbu_Zetu
Naomba niwape historia kidogo juu watu wanadhani hivi vitu vimekuwako siku zote. Zamani uvimbe wa damu nyingi ulikuwa unafunguliwa, unaonekana, unafungwa tena. Harvey Cushing wa Boston, huyo ndiye aliyeipa meninjioma jina mwaka wa 1922, alianza na vibanio vidogo vya fedha 1911 vya kubana mishipa ambayo uzi haufiki. Tarehe 1 Oktoba 1926 akamrudia mgonjwa aliyekuwa amemwacha siku chache kabla kwa sababu ya kuvuja, lakini safari hii akaja na mtaalamu wa fizikia William Bovie na mashine yake ya umeme ya kukata na kuchoma. Ikafaulu. Baadaye Greenwood na Malis wakaleta ile ya koleo mbili, umeme unapita katikati ya ncha tu hauchomi jirani. Hapa kwetu Nairobi, Mtaliano Renato Ruberti ni kati ya walioanzisha upasuaji wa ubongo miaka ya 1960.

BabaTwins_Donholm
Hiyo ya koleo mbili ndiyo baipola si ndiyo? Nimeiona kwenye bili ya mtu.

NesiWaUsiku
Ndiyo, baipola. Bila hiyo hatuanzi.

MamaZawadi
Pole mwanangu. Mimi sina elimu ya hospitali lakini niulize, mama alikuwa anadungwa sindano ya kupanga uzazi? Ile ya miezi mitatu? Kuna habari ilizunguka kanisani kwamba ndiyo inaleta huu uvimbe.

MtotoWaKario
Alidungwa miaka mingi mama, karibu 9, baada ya kuzaa kitinda mimba.

Msafiri_ThikaRoad
Basi ndiyo hiyo. Wanawake wanauawa polepole.

MwanafunziWa5
@Msafiri_ThikaRoad taratibu kaka. Utafiti upo, wa Ufaransa, ulitoka 2024 kwenye jarida la BMJ, waliangalia wanawake zaidi ya 18,000 waliopasuliwa meninjioma. Waliotumia ile sindano mwaka mmoja au zaidi, uwezekano ulikuwa mara 5.6 hivi. Lakini ni mara 5.6 ya kitu kidogo sana kwa mtu mmoja, na haithibitishi kwamba kwa mama huyu ndiyo sababu. Ile koili yenye homoni ya levonorgestrel haikuonyesha hatari hiyo. Aliye na wasiwasi aongee na kliniki abadilishe njia, asiache tu bila kitu.

Msafiri_ThikaRoad
Na simu? Mama alikuwa na simu mbili labda.

BintiWaNgara
Mimi nilikuwa na kabambe moja na sijawahi dungwa hiyo sindano hata siku moja, na nikapata. Kwa hivyo?

Kumbukumbu_Zetu
Simu haijathibitishwa. Kilichothibitishwa ni miale. Israeli miaka ya 1950 watoto wenye mapunye walipigwa miale kichwani ili nywele zidondoke, walipokuwa watu wazima meninjioma zikaongezeka kati yao waziwazi.

MamaZawadi
Mapunye tu? Yesu wangu. Sisi tulipakwa mafuta tu.

Mzee_Eastleigh
Shemeji yangu ni mwanamume, hakudungwa, hakupigwa miale. Nawakumbusha tu.

KijanaWaZimma
Mbona msiende CyberKnife, ile mashine ya miale, iko hapo hospitali ya KUTRRH? Hakuna kisu hakuna damu mtu anarudi nyumbani jioni.

MwanafunziWa5
Sentimita 6 ni kubwa mno kwa hiyo, kwa kawaida wanataka chini ya 3 hivi. Na ubongo ukiwa umeshasukumwa, miale inaweza kufurisha zaidi kabla ya kupunguza. Inaweza kutumika baadaye ikiwa wataacha kipande mahali pabaya.

Shahidi_Mwema
Mimi imani yangu hairuhusu kuongezewa damu na nilipasuliwa uvimbe kama huo. Kuna mashine inakusanya damu yako mwenyewe inayotoka, inaiosha, inakurudishia bila kukatika mzunguko. Pia walinipa chuma wiki kadhaa kabla ili nianze nikiwa juu, na dawa ya kuzuia kuvuja, ile ile akina mama hupewa wakivuja damu baada ya kujifungua. Nilizibwa mishipa pia. Si kila hospitali iko na hiyo mashine, ulizeni mapema.

NesiWaUsiku
Ni kweli, na hata kwa wanaokubali damu ni vizuri kuuliza. Isipokuwa uvimbe ukiwa wa saratani wengi wanasita kurudisha, wanaogopa kutawanya chembe. MtotoWaKario, mama anameza aspirini? Dawa yoyote ya kienyeji? Semeni yote kwa daktari wa usingizi, aspirini mara nyingi wanaisimamisha kama wiki moja kabla.

MtotoWaKario
Anameza ya presha na kuna dawa ya majani anti alimletea. Nitaipeleka na chupa yake waione.

Mama_wa_Kayden
Nimesoma hii yote nikilia. Wangu alikuwa na miezi 11, uvimbe ulikuwa kwenye ile sehemu inayotengeneza maji ya ubongo. Alikuwa na kilo 8. Daktari aliniketisha akanichorea kwenye karatasi, mtoto wa kilo 8 ana damu kama mililita 640 mwilini mwote, haijazi chupa mbili za soda ya nusu lita. Akaniambia, mama, kwa mtu mzima nikimwaga glasi moja tunaendelea, kwa huyu glasi moja ni karibu nusu yake. Walisimama katikati, wakafunga, wakarudi baada ya wiki mbili. Nilikuwa nimekasirika kwamba hawakumaliza. Sasa ako PP1, anasoma jina lake. Kwa hivyo MtotoWaKario daktari akitoka akasema tumeishia hapa kwa leo, usimchukie.

BabaTwins_Donholm
Mama wa Kayden umenishika hapa kooni. Mwenye uzi, damu mnahitaji? Mimi ni O+ na niko karibu.

MtotoWaKario
Wameomba painti 6 ziwe tayari. Mama ni A-. Nyumbani hakuna A- hata mmoja.

NesiWaUsiku
Anayetoa si lazima awe A-, unatoa kundi lolote na inaingia benki, wao wanatafuta ya mama. Lakini A- si nyingi, waambieni leo, msingoje mpaka siku ya mwisho, mimi nimeona mtu akishushwa kutoka kitandani cha thieta kwa sababu ya painti mbili. Anayetaka kutoa: miaka 16 mpaka 65, kilo 50 kwenda juu, uwe umekula.

KijanaWaZimma
Mimi niko A-. Kilo 61. Nitumie ujumbe wa ndani, naweza Jumatano asubuhi kabla ya kazi.

MamaZawadi
Mungu akubariki kijana. Na ule ini na managu jioni yake, na bitiruti.

Msafiri_ThikaRoad
Bitiruti haiongezi damu mama ni rangi tu hahaha. Ini na managu ndiyo nakubali. Niko B+ na mimi nakuja Jumatano, niliongea vibaya hapo juu kuhusu sindano, pole kwa mwenye uzi.

MtotoWaKario
Wadau habari mpya. Tuliwaomba madaktari wote wawili waongee wenyewe kwa wenyewe, sikujua hata hiyo inawezekana, nesi mmoja ndiye alinishauri. Wamekubaliana wafanye angiogramu kwanza, yaani picha ya mishipa kwa ule mrija, ya kuangalia tu. Wakikuta sehemu kubwa inatoka mshipa wa utando wataziba hiyo sehemu peke yake. Inayotoka kwa jicho hawataigusa, huyo wa pili ataichoma mwenyewe akiingia. Wa kwanza bado anasema itavuja, wa pili bado anasema anaiweza. Bro na anti wameongea.

Wameanza kumpa deksa kupunguza kufura na jana usiku aliongea sentensi ndefu, aliuliza nani analisha kuku.

Mzee_Eastleigh
Hiyo nimeipenda. Waulizeni pia kuhusu uso na macho kabla ya sahihi, waandike.

BintiWaNgara
Nani analisha kuku? Mjibuni mama.

MtotoWaKario
Mimi hapa nalisha @BintiWaNgara. Swali moja la mwisho, nywele. Amesukwa matuta wiki hii na hataki kunyolewa yote, ndiyo kitu pekee anagombania. Ni lazima?

NesiWaUsiku
Si lazima yote. Wengi siku hizi wananyoa ukanda mwembamba tu mahali pa kukata, nyuma ya mstari wa nywele, kutoka sikio hadi sikio. Fumueni matuta nyumbani usiku wa kuamkia siku hiyo, mumwoshe kichwa vizuri, msipake mafuta. Mleteni na kitambaa chake mwenyewe cha kichwa, kile anapenda, kisiwe cha kubana. Niko zamu Alhamisi.